Mto Uliopita Katikati ya Duka la Vifaa vya Ujenzi

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na nakuomba pia usinicheke kabla ya kufika mwisho, ingawa mimi mwenyewe nimeshindwa kujizuia.

Ni mzee wa miaka sabini na mitatu, naishi na binti yangu, mumewe ambaye ni fundi umeme, na mjukuu wangu wa darasa la pili tunayemwita Kasuku, kwa sababu kila nisemalo hulirudia neno kwa neno mbele za watu. Zamani, kabla vita havijanitoa kwetu, nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha kuchapa vitabu vya shule, na kwa miaka kumi na tisa vitabu vyote vya jiografia vya shule ya msingi vilipita mezani kwangu, ndiyo maana mpaka leo naweza kukutajia nikiwa nimefumba macho kwamba darasa la kwanza mtoto anajifunza chumba, mlango uko wapi na dirisha liko upande gani, la pili anatoka nje na kuchora njia ya kwenda shule, la tatu anaujua mtaa na pande nne za dunia, la nne anafika wilayani na kuanza vipimo vya ramani, la tano nchi, la sita bara, na la saba ndipo anapokabidhiwa dunia nzima na mistari yake. Niliwahi kusimamisha mashine kwa sababu ziwa moja katika kitabu cha darasa la tano lilichorwa upande usio wake, na nilijisifia ziwa hilo miaka na miaka, mpaka marehemu mke wangu akaniomba nilikaushe.

Sasa sikia nilichofanya. Kasuku alirudi na kazi ya nyumbani: chora njia ya kutoka nyumbani kwenu hadi shuleni. Akanikalia karibu na kalamu zake za rangi, akasema, "Babu, wewe sema, mimi nachora." Nami nikasema. Nikamwambia ukitoka mlangoni geuka kulia, unapita kwa fundi cherehani, kisha kiwanda cha mikate ambacho ukuta wake huwa wa moto asubuhi, kisha mto wenye daraja la mbao, hesabu mbao thelathini na nne, wa kumi na moja umelegea, uruke, halafu mikaratusi, halafu shule yenye kipande cha reli kilichotundikwa kuwa kengele. Akachora vyote, hata ubao uliolegea, nami nikazirekebisha herufi zake mbili tatu nikaridhika na nafsi yangu, na ni baada ya siku mbili ndipo nilipotambua kwamba hiyo ilikuwa njia yangu mimi, ya kwetu, nilipokuwa na miaka minane.

Nilitambuaje? Mwalimu wao ana utaratibu wa kutandaza michoro ya watoto wote sakafuni na kuiunganisha pembe kwa pembe mpaka mtaa mzima utokee. Ya wenzake ikaungana. Wa Kasuku ukakataa. Mto wake ulipita katikati ya duka la vifaa vya ujenzi, na mtoto wa mwenye duka akasema, "Kwetu hakuna mto, kuna saruji." Darasa likacheka, na Kasuku wangu, badala ya kunyamaza, akasimama akasema, "Babu alikuwa anasahihisha vitabu. Babu hakosei. Mto upo, nyinyi ndio hamjauona."

Tangu siku hiyo hachezi na mtu. Wakati wa mapumziko anakaa ngazini peke yake, anautetea mto. Mwalimu ameandika kwenye daftari la Kasuku: "Tunamkaribisha Babu Ijumaa ya mwisho wa mwezi aje atuonyeshe mto." Sijui kama ni adabu au kejeli. Mkwe wangu anasema, "Mzee, ukiupata nistue, nije na ndoano." Binti yangu hakucheka. Alisema, "Baba, ukienda ukatafuta maneno ya kujitoa lawamani, atakuamini tena, na hapo ndipo utakuwa umemharibia kabisa."

Nami nimeanza kukohoa tangu jana, kikohozi cha maandalizi, ili siku ikifika kiwe kimekomaa. Maana nikienda nikakiri, mtoto ataaibika mbele ya wenzake kwa ajili yangu, na nisipokwenda ataendelea kuupigania mto usiokuwepo mpaka amalize shule bila rafiki.

Na kuna jambo moja ambalo sijamwambia mtu. Nimeishi huku miaka ishirini na sita, na hiyo shule sijawahi kufika. Binti yangu ndiye humpeleka na kumrudisha. Mimi najua njia ya kwa kinyozi na njia ya zahanati, na juzi mpita njia aliponiuliza kaskazini ni wapi nilimwonyesha kwa uhakika kabisa, kwa kufuata kilima ambacho huku hakipo. Nilikuja kwa miezi sita, mshauri. Sikuona haja ya kuizoea mitaa.

Nifanye nini?

Msahihishaji Mstaafu

JIBU

Mzee wangu, shikamoo. Nimetanguliza heshima kwa sababu yanayofuata hayana heshima nyingi.

Kwanza, acha kukohoa. Utaugua kweli.

Mganga hajigangi: wewe uliyesimamisha mashine kwa ajili ya ziwa umeshindwa kuliona kosa lililokaa ubavuni kwako likipaka rangi. Madarasa saba unayataja kama sala, lakini la pili hujalifanya. Dunia unaijua, duka la jirani hulijui. Pole yangu kwako ni ya kweli, maana najua mtu anaweza kukataa kuujua mtaa kwa kuogopa kwamba akiujua atakuwa amekubali kubaki. Lakini umeshabaki, mzee. Hapo unapopaita huku, mjukuu wako anapaita kwetu. Ulimpa njia yako bila kumwambia kuwa ni yako, naye akaenda kuipigania peke yake. Kosa ni hilo, si mto.

Leo hii, Kasuku akirudi, mwambie mkiwa wawili tu. Asije akalisikia kwa mara ya kwanza mbele ya darasa. "Mto upo, lakini hauko hapa. Ile ni njia niliyopita nikiwa kama wewe, nikasahau kukuambia." Atakasirika. Mwache akasirike, wala usimhonge pipi. Kisha ataanza maswali, na uyajibu yote, hata lile la kwa nini hurudi kwenu.

Kesho asubuhi binti yako abaki nyumbani. Nenda wewe na mtoto, yeye atangulie, wewe ushike penseli uchore anachokuonyesha. Usimsahihishe hata akikiita kibanda cha fundi viatu hospitali ya viatu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na miaka sabini na mitatu si cheti cha kutoinama.

Siku ya mwaliko uende na michoro miwili. Ule wa mto usiufute. Haukuwa na kosa. Ulikosa kichwa cha habari tu, jambo ambalo katika kitabu cha mwingine ungelizungushia wino mwekundu. Kasuku aandike juu yake kwa mkono wake, "Njia ya Babu", na ule mwingine auandike "Njia Yangu". Halafu wewe mwenyewe uwaambie watoto nani alikosea. Usimwachie mwalimu, na usizidishe utani. Nimeshaona kuwa ndimo unamojificha. Wasimulie ubao wa kumi na moja. Mtoto wa mwenye duka atakuwa wa kwanza kuuliza kwa nini hamkuupigilia msumari.

Na siku hiyo mtoto atangulie na mama yake, wewe ufuate baadaye, peke yako. Ukipotea, habari za kaskazini achana nazo. Uliza duka la vifaa vya ujenzi. Liko pale pale ulipopitisha mto.