Mwanamke Asiyepiga Hodi

Jumamosi, baada ya isha

Sijamwambia mtu: naandika riwaya. Ina ukurasa mmoja tu, na nimeuandika mara saba, maana mwalimu alisema mwanzo ukipwaya msomaji hufunga kitabu.

Leo Nyanya alikuwa akichambua mchele. Nikamsomea, nikimdanganya kuwa ni kitabu cha shule: "Mwanamke aliingia bila kupiga hodi, akaketi juu ya kitanda cha marehemu."

Nyanya akauweka ungo chini. "Bila hodi, nyumba ya msiba? Hana haya! Ni nani huyo?"

Nikageuza ukurasa; nyuma hamna kitu.

"Soma, mjukuu wangu, mbona wanikatiza?"

Wallahi nilitaka kuruka! Nikasema kurasa zilizobaki zimechanika.

Akasonya. "Basi kesho kaazime kwa mwenzio. Huyo ni mke wa siri, nakwambia."

Tangu hapo nacheka peke yangu kama mwehu. Shida ni kwamba hata mimi simjui huyo mwanamke, na kesho ndiyo hiyo. Na Nyanya akigundua kuwa mwandishi ni mimi, je, bado atataka…

Ndara zake hizo, zaja. "Mwanaisha! Kwani watoto wa marehemu wamjua?"

Watoto! Sikuwa nimewafikiria. Naficha, naficha—