Jina la Kinyozi Mezani pa Wakubwa

3 Machi

Mwanangu Kasuku,

Nakusalimu. Ukiona herufi zimelewa usiseme ni uzee. Mumeo hajambo? Kile kifua chako kimepona? Mgongo wangu ni ule ule, nao na cherehani wanashindana nani atalalamika zaidi. Habari za nyumbani ningekwambia ni njema, kama tunavyosema siku zote, lakini leo ni mbaya, mwanangu. Ni mbaya sana.

Jumanne watu waliandamana kudai ndugu zao waliopotea. Walipofika mbele ya duka la kaka yako, wanajeshi wakafyatua risasi bila hata kusema tawanyikeni. Majeruhi wakakimbilia kwake. Wewe unamjua Kinyozi, hawezi kumfungia mtu mlango. Aliwaingiza, akashusha bati la mlango, akaanza kuwafunga majeraha kwa zile shuka za kunyolea.

Bati lilikatwa kwa shoka. Waliokuwa sakafuni walimaliziwa pale pale sakafuni. Mmoja alipigwa risasi akiwa amekaa kwenye kiti, shuka shingoni, kama mteja anayesubiri kioo. Kaka yako alipigwa kitako cha bunduki mpaka sikio likaning'inia, halafu wakamburuta kwa miguu kushuka ngazi, na kichwa kikagonga kila ngazi, wakaondoka naye, wapi sijui. Muuza viatu wa jirani aliona yote. Mimi nilifika nikakuta nywele na damu zimegandamana. Nikapiga deki, maana sikujua la kufanya.

Sasa nisikilize. Redio inasema waziri wenu wa huko ng'ambo anakuja huku kuzungumza na waziri wetu habari za gesi. Wazee walituambia fahari wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Hawakutuambia kwamba wakipatana nyasi huliwa. Lakini wewe ndiye mdomo wa huyo mkubwa. Mwambie alitaje jina la kaka yako. Hawa wetu hawamwogopi Mungu, ila gesi wanataka kuiuza.

Nyinyi wawili mmoja nilimzaa, mmoja nilimlea, na sikuwahi kuwapimia maziwa kwa vikombe tofauti. Simu zinasikilizwa, usipige. Dereva wa lori ataleta barua na kurudisha majibu.

Shangazi yako

12 Machi

Shikamoo Shangazi,

Kifua kimepona, mume wangu anakuamkia. Barua yako niliisomea chooni kazini, nikauma mkono ili nisisikike. Alama za meno bado zipo.

Nataka uielewe kazi yangu ya ukalimani, usije ukadhani nina nguvu nisizokuwa nazo. Sheria yake ni moja: siongezi, sipunguzi. Waziri akisema "mimi", nami nasema "mimi". Akitukana, natukana kwa sauti ile ile. Nikikaa kwenye kile kiti mimi sipo, Shangazi, yupo yeye tu. Mtu akiongeza neno lake anafukuzwa, na pengine anafungwa.

Lakini nimekwenda kwa ofisa wetu wa haki za binadamu, kijana mmoja mwenye tai fupi. Nilimwambia nimesikia kisa cha kinyozi fulani. Sikumwambia ni kaka yangu, maana ningeondolewa kwenye safari siku hiyo hiyo. Akanijibu kwamba kazi yao ni kulinda mizani, upande mmoja gesi, upande mwingine watu. Nikamwuliza upande upi mzito. Akacheka, akasema inategemea baridi ya mwaka huo.

Hata hivyo ameahidi. Jina litakuwa kwenye karatasi za waziri, naye atalitaja. Mimi huku natumia jina la mume wangu, kwa hiyo watu wa huko hawatatuunganisha. Kula, Shangazi. Najua hujala.

Kasuku wako

20 Machi

Mwanangu Kasuku,

Marahaba. Hujambo wewe? Nimekula, usinisumbue. Nakuandikia haraka kwa sababu dereva anapiga honi nje.

Acha. Mwambie huyo waziri asitaje kitu.

Nimempata kaka yako. Yeye na wenzake wamefungiwa kwenye ghala la pamba la zamani. Askari mmoja wa lile ghala nilimshonea mwanawe sare za shule, akaona haya, akakubali kumpelekea shati safi na kunirudishia chafu. Mkono wa shati ulikuwa umeng'ang'aniwa na ngozi, mwanangu. Nililoweka, nikaibandua ngozi ya mtoto wangu kwenye mshono niliouweka mwenyewe. Wanawaning'iniza kwa mikono kwenye mihimili ya pamba, wanawapiga nyayo kwa nyaya.

Lakini yu hai. Na askari ameniambia jambo. Kinyozi kwao ni dagaa. Hakuna mkubwa anayemjua, hakuna aliyemwuliza. Dagaa wote wataachiwa Ijumaa ya tarehe 28, wageni wakiwa mjini, ili waonyeshwe kwamba hapa tuna huruma. Watakaobaki ni wale wenye majina. Amesema, "Mama, mwombee asijulikane."

Kwa hiyo nakubembeleza, funga mdomo. Ulipokuwa mdogo ulirudia kila neno lililosemwa nyumba hii mpaka tukakuita Kasuku, hata walionidai waliambiwa kwamba nimesema niko msalani. Safari hii usirudie chochote. Mwache awe dagaa.

Shangazi yako

25 Machi

Shikamoo Shangazi,

Nipo mjini. Usishtuke. Naandika nikiwa hotelini, na kutoka dirishani naliona paa la soko na ule mtaa wa muuza viatu. Haturuhusiwi kutoka bila mlinzi, ila dobi wa hapa ni mwenyeji wa mtaa wetu, naye amekubali kuitia barua hii kati ya mashati. Hujambo? Mgongo? Tuliondoka kwetu tarehe 18 tukapitia nchi nyingine kwanza, na tangu barua yako ya kwanza sijapata nyingine. Nadhani dereva ameharibikiwa.

Nina habari. Juzi ilikuwa gesi kutwa nzima. Jana pia gesi, na bei, na mabomba. Mawaziri walipigiana meza, wakaombana radhi, wakacheka. Karatasi yenye jina la kaka ilikuwa mbele ya waziri wetu, naiona. Mwishoni akaiangalia, akasema, "Tuna wasiwasi pia kuhusu baadhi ya watu mnaowashikilia." Akaifunika. Basi. Hicho ndicho alichokuja nacho kutoka mbali kote huko.

Shangazi, sikuweza. Niliiona akilini damu ile kwenye kiti cha kunyolea. Nikatafsiri: "Tuna wasiwasi pia kuhusu baadhi ya watu mnaowashikilia, kama vile kinyozi," nikataja jina lake, la baba yake na la babu yake. Waziri wangu hajui neno la lugha yetu, hakushtuka. Mkalimani wao alinitazama kidogo, kisha akainamisha macho. Waziri wenu akainua kichwa, akamgeukia mtu wake: "Huyo ni nani?" Wakaandika.

Wameandika, Shangazi. Sasa anajulikana, hawawezi tena kumfanya lolote wanalotaka. Moyo wangu ulikuwa mweupe.

Kasuku wako

28 Machi

Shikamoo Shangazi,

Dobi anasema tangu juzi askari wanapekua kila mfuko mlangoni, kwa hiyo barua yangu ya tarehe 25 bado anayo. Atakuletea zote mbili kwa pamoja. U mzima? Mimi nimepona magonjwa yote niliyowahi kuugua.

Yule ofisa wa tai fupi ametuambia wafungwa wameachiwa leo. Mkataba nao umetiwa saini. Mbele ya kamera waandishi walimwuliza waziri wetu habari za watu waliokamatwa, akasema ameridhika na hatua za wenyeji wetu. Nami kwenye kiti changu nikasema, "Mimi nimeridhika." Ofisa ananitania kwamba nilisema kwa furaha kuliko mwenye maneno. Uliniona kwenye televisheni? Nilikuwa nawasemea nyinyi.

Keshokutwa asubuhi tumepewa ruhusa ya kutembea mjini na mlinzi. Nitapita nyumbani hata kwa dakika mbili, nitasema naomba maji. Mwambie Kinyozi bado ana deni la kichwa changu, tangu siku ile alipojifunzia kazi kwangu nikaenda shule nimefunga kitambaa mwezi mzima. Mwambie akae kitini. Safari hii nitamnyoa mimi.

Kasuku wako

29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimeamka, kama kuamka ni kusimama. Barua zako mbili dobi ameniletea pamoja leo mchana, na hii ataingia nayo hotelini jioni. Yangu ya tarehe 20 iko mlangoni kwako huko ng'ambo, inakungoja. Ukifika, usiifungue. Naijua ilivyosema.

Jana Ijumaa nilisimama getini kwenye ghala la pamba na kina mama wengine. Wakatoka mmoja mmoja, wengine wamebebwa, na kila mama akachukua wake. Geti likafungwa. Nikabaki mimi. Baadaye likafunguliwa tena, wakamtupa nje amefungwa kwenye turubai.

Askari mmoja wa ghala, niliyemshonea mwanawe sare, aliniambia huku analia. Jumanne ilikuja gari kutoka wizarani, ikaliita jina lake, la baba yake na la babu yake. Wakamtoa kati ya dagaa, wale wasio na jina waliokuwa waachiwe. Wakamwuliza swali moja tu: waziri wa nchi kubwa anamjuaje kinyozi, ni nani amelipeleka jina lako? Vidole vilivunjwa kimoja kimoja kwa jiliwa la fundi, lile la kubania vyuma, na kila kimoja kiliulizwa swali lile lile. Aliwajibu, "Mimi nanyoa watu wengi." Wakaleta bomba la chuma. Nimemwosha mwenyewe, Kasuku. Mbavu za kushoto hazikuwepo mahali pake. Vidole sikuweza kuvinyoosha, nimevifunga kwa kitambaa cha sare.

Alijua ni wewe. Nani mwingine? Hakukutaja.

Muuza viatu alinisaidia kumsukuma kwa mkokoteni wake. Tulipopita mbele ya duka la redio, televisheni ilikuwa imewashwa dirishani, na watu wamekusanyika. Nikasikia sauti niliyoifundisha kusema. "Mimi nimeridhika." Nikatazama, ukawa unatabasamu. Sitakuficha, nilikuchukia. Nilikuchukia kutoka dukani pale mpaka mlangoni kwangu, na laiti ungekuwa karibu ningekupiga. Leo nimesoma, nimeelewa. Aliyekuomba ulitaje jina ni mimi. Nililiomba kwa mkono wangu, na barua yangu ya kulirudisha ilikukosa, likatoka kinywani mwako. Basi tumegawana, nusu yangu, nusu yako, kama yale maziwa.

Sasa nisikilize kuliko ulivyowahi kunisikiliza. Usije. Nje kuna gari, na ndani yake watu wanaangalia nani anaingia msibani na nani analia kupita kiasi. Jibu hawakulipata. Swali bado wanalo. Ukikanyaga kizingiti changu utakuwa umewajibu, na vidole vya kaka yako vitakuwa vimevunjwa bure.

Kesho ukitembezwa mtaani, pita upande wa muuza viatu. Tazama viatu kama mgeni, uliza bei. Mlango wangu utakuwa wazi na jeneza litaonekana. Usigeuke ukasimama. Mlinzi akikuuliza kuna nini pale, mwambie hujui. Halafu rudi kwenye kiti chako, na waziri akishukuru kwa ukarimu, nawe shukuru kwa ukarimu.

Mimi nitakuwa nimekaa mlangoni. Nitakuona ukipita.

Mama yako