Nimechelewa Kupanda Bangi ya Sanda ya Mama Mkwe

Mshauri wangu wa gazeti la wilaya, nakuomba unisome hadi mwisho kabla hujaanza kunitukana. Nakuandikia nimekaa kwenye ndoo nyuma ya mashine ya kukaushia pilipili, kwa sababu huku ndiko pekee hapa nyumbani ambako mama mkwe wangu hawezi kufika na kiti chake cha magurudumu, na mume wangu amesema nikikuandikia atahamia bandani, lakini naandika hivyo hivyo, bandani kwenyewe kumejaa vitunguu saumu, atakosa pa kulala.

Nina miaka hamsini na saba na nimeolewa katika nyumba hii miaka thelathini na moja. Mama mkwe wangu, Bi. Gap-nim, ana miaka themanini na sita, na tangu alipokuja hapa kama bibi arusi wa miaka ishirini na mmoja analima bangi kwenye shamba la nyuma ya mlima, kwa kibali kilichoandikwa jina lake, wala si ya kuvuta, ni ya nyuzi, anaichuna maganda, anayapasua kwa meno, anaunga uzi juu ya paja lake na kufuma kitambaa cha sanda. Amewafumia wakwe zake, amemfumia mumewe, na nusu ya kijiji wamezikwa na kazi ya mikono yake, na yake mwenyewe alishaifuma zamani, lakini dada yake alipofariki ghafla akamvika hiyo, akabaki hana. Sasa mwaka ujao kuna mwezi wa nyongeza katika kalenda ya wazee, na wewe unajua sanda ikishonwa mwezi huo haina mkosi wowote, tena wanasema humwongezea mwenyewe maisha, basi akaamua bangi ya mwaka huu ndiyo itakuwa ya kwake: ivunwe kiangazi, ifumwe baridi, ishonwe mwezi wa nyongeza.

Mwanzoni mwa mwezi wa tatu akateleza uani akavunjika nyonga. Akapelekwa hospitali Daegu. Kabla hajaingizwa kwenye gari akanishika mkono akaniambia, "Mama Se-bin, mbegu iko kwenye gunia juu ya kabati la viatu. Mwisho wa mwezi huu uwe umepanda. Panda karibu karibu, mabua yabanane, yasipate nafasi ya kutoa matawi." Nikasema ndiyo, mama.

Mshauri, sikupanda. Sikusahau, naomba nisidanganye na hapa, sikusahau hata siku moja. Ni kwamba rafiki yangu Jeom-rye alikuwa amenisajili kwenye shindano la uimbaji la wanawake wa wilaya, na kwa miaka thelathini na moja sijawahi kutoka nyumbani jioni bila mtu kuniuliza naenda wapi, na mwaka huu mwenye kuuliza alikuwa Daegu, basi kila jioni nilikuwa kwenye kibanda cha plastiki cha Jeom-rye, katikati ya miche ya pilipili, tunaimba, nikajiambia nitapanda kesho, nitapanda Jumatatu, nitapanda shindano likiisha. Shindano likaisha mwezi wa tano nikawa wa tatu, nikapewa sufuria la umeme la kupikia wali. Halafu vitunguu vikaiva, halafu vitunguu saumu, halafu mpunga ukataka kupandikizwa.

Na simu ilikuwa inalia kila siku saa moja asubuhi.

"Imefika wapi?"

"Magotini, mama."

Wiki mbili baadaye, "Imefika wapi?"

"Kifuani, mama. Upepo ukipita inanesa."

"Ina rangi gani?"

Nikafumba macho nikamwelezea rangi. Nilielezea vizuri hadi nesi aliyemshikia simu akasema angependa kuja kuiona.

Mwisho wa mwezi wa sita, wakati wenye bangi zao walikuwa wanajiandaa kuvuna, ndipo nikaenda na lile gunia nikapanda. Nilijiambia jua ni kali, ardhi ina joto, mbegu yoyote ikitupwa humo itakimbia. Nikamwambia mama mvua zimewahi mwaka huu, tutavuna zikikatika. Mvua zikaja kweli, zikazamisha nusu ya shamba. Iliyobaki ilifika kiunoni pangu, na mimi si mrefu, kisha siku zilipoanza kufupika ikaacha kabisa kurefuka, ikatanua matawi kama kichaka cha chai ikatoa maua. Mabua ambayo yangepaswa kunipita kichwa yana vifundo kila mahali. Uzi wake hautoshi kufunga viatu.

Tarehe ishirini mwezi wa nane mama akarudishwa nyumbani. Kabla hata ya kunywa maji akasema, "Nipelekeni shambani." Mume wangu Sang-dae akasema, "Imeibwa, mama."

Mama akauliza, "Yote?"

"Yote."

"Hata bua moja hawakuacha?"

Mume wangu, ambaye maishani mwake hajawahi kujua mahali pa kuishia, akasema, "Waliacha nyayo."

"Nyayo za viatu gani?"

"Viatu vya mjini."

Hapa kijijini kuna mtu mmoja tu mwenye viatu vya mjini, Bwana Pyo, aliyehamia kutoka Seoul miaka miwili iliyopita, anafinyanga vyungu na kufunga nywele nyuma kama mkia wa farasi. Mama kesho yake akasukumwa hadi kwenye nyumba ya wazee, wanakokutana kupiga soga, na kufika adhuhuri kijiji kizima kilijua kuwa Bwana Pyo ameiba sanda ya mjane ili aivute. Mwenye duka haitikii salamu yake siku hizi. Mtu amemvunjia vyungu vilivyokuwa barabarani. Na shemeji yangu mkubwa anakuja kutoka Busan kwa sikukuu ya mavuno ya Chuseok na amesema atampeleka mama polisi kwa gari lake, na ile bangi bado imesimama nyuma ya mlima na maua yake, na Sang-dae anasema tununue nyuzi za kutoka China tuseme wezi wamezirudisha.

Nifanye nini? Na tafadhali usiseme nimwambie ukweli, hilo nimelifikiria, nimeona haliwezekani.

Mkwe wa Nyuma ya Mashine

*

Dada wa nyuma ya mashine,

Mwambie ukweli. Umeniomba nisiseme, nami nimesema mapema ili tuendelee na mengine.

Nimekuwa nikijibu barua ukurasa huu kwa miaka kumi na tisa. Wameniandikia wanaume waliouza ng'ombe wa baba zao na wanawake waliojifanya wagonjwa ili wasipike siku ya matambiko. Hakuna aliyewahi kuniandikia kwamba amejaribu kuidanganya kalenda. Binadamu unaweza kumdanganya, na wewe una kipaji hicho, nesi wa Daegu ni shahidi. Lakini mmea unaohesabu saa za mchana huwezi kuupigia simu ukauambia uko mwezi wa tatu. Uliuamsha jua likiwa tayari linafunga virago, nao mmea ukafanya kilichobaki kufanywa: ukachanua haraka kabla ya baridi. Shambani kwako mwenye akili ni mmoja, na amefika kiunoni.

Kuhusu kuimba sina ugomvi na wewe. Mtu aliyepika, kufua na kuosha miguu ya wakwe miaka thelathini na moja ana haki ya jioni zake, tena hata bila kuwa wa tatu. Kosa lako ni kwamba uliona aibu kwa jambo lisilo na aibu, ukaenda kuificha chini ya jambo la aibu. Ungesema mwezi wa tatu, "Mama, mwaka huu naimba, tafuta wa kupanda," angekukaripia siku tatu. Wapo majirani wangepanda kwa kibarua cha siku moja. Karipio la siku tatu ulilikwepa, sasa tazama ulichonunua.

Na huyo mumeo. Viatu vya mjini. Mtu anaulizwa swali la pili katika uongo na badala ya kusema sijui, anachora nyayo, anazivika viatu, na viatu vinatembea hadi mlangoni kwa jirani asiye na ndugu wa kumtetea. Umeandika barua nzima juu ya sanda na aibu yenu, na Bwana Pyo umempa mistari mitano. Mistari mitano, na vyungu vyake vimevunjwa. Hapo ndipo nilipoweka chini miwani yangu. Bangi iliyochelewa ni uzembe. Hili la Bwana Pyo ni uovu, hata kama mlilifanya kwa kigugumizi.

Sasa nisikilize, na usiniletee tena habari ya haliwezekani.

Leo hii, kabla hujarudi kugeuza pilipili, pigia ofisi ya tarafa. Waambie bangi ya kibali cha Bi. Gap-nim imechelewa, imetoa maua, na unataka ikatwe mbele yao. Kibali kina jina lake, si lako. Akienda polisi kuripoti wizi wa bangi ambayo bado imesimama shambani, atakayekalishwa kwenye kiti na kuulizwa maswali ni ajuza wa miaka themanini na sita mwenye nyonga ya chuma. Ulilifikiria hilo kwenye ndoo yako?

Jioni hii hii mwambie mama mkwe wako. Usimtume mumeo, ataongeza tembo. Ameumia nyonga, hakuumia akili, na nakuhakikishia mwanamke aliyelima bangi miaka sitini na tano alishaanza kushuku ulipomwambia inanesa. Kesho nendeni wote wawili kwa Bwana Pyo kwa miguu, mchana, watu wakiwaona, mlipe vyungu, kisha mkaseme kwenye nyumba ya wazee kile kile mlichosema kwake, kwa sauti ile ile. Sauti unayo.

Nyuzi za China waachie wenyewe China. Mtu aliyepasua uzi kwa meno maisha yake yote atazijua zikigusa tu ulimi. Unataka alale milele ndani ya kitu alichokitema?

Bi. Seol

*

Bi. Seol,

Mume wangu alisoma jibu lako gazetini akiwa amesimama, akakaa. Naandika tena ili usibaki na picha mbaya kuliko iliyopo.

Nilimwambia mama jioni ile ile. Nilipiga magoti nikasema yote, pamoja na shindano. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Wa tatu kati ya wangapi?" Nikasema kumi na wanne. Akasema, "Na lile sufuria la wali ulisema umeuziwa kwa bei nafuu." Halafu akageuza kiti kuelekea ukutani na hakuongea nami siku mbili. Siku ya tatu akasema wa mwakani hatuuwahi tena, mwezi wa nyongeza mwingine ni baada ya miaka mitatu, kwa hiyo tumlishe miaka mitatu, na mwezi wa tatu ujao atakaa pembeni ya shamba na fimbo.

Kwa Bwana Pyo tulikwenda. Alikuwa anafunga vyungu vyake kwenye magazeti, amekwisha jaza masanduku manne. Tulisema tuliloendea kusema. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Nilidhani ni kwa sababu ya nywele." Alipokea pesa za vyungu. Mikate ya mchele niliyopika hakuipokea. Akafunga geti taratibu, na sijui kama atafungua yale masanduku. Kwenye nyumba ya wazee mama mwenyewe alitutangulia, akawaambia, "Mwizi tumempata, anakula kwangu. Sasa nani alivunja vyungu vya mtu?" Wakaanza kutazama miguu yao.

Afisa wa tarafa alikuja siku nne kabla ya Chuseok. Mama akasema lazima aende. Sang-dae akampakia kwenye trela ya kitrekta cha mkono, tukamzungushia mablanketi. Alipoiona bangi yangu aling'oa mche mmoja, akaukunja, ukavunjika. "Hii," akasema, "itamvika kuku. Kuku mdogo."

Tulikata yote, tukachoma mbele ya afisa. Ni kijana aliyevaa koti jipya, anaandika kila kitu. Akauliza, "Nani alipanda bangi mwisho wa mwezi wa sita?"

Nilifungua mdomo, Bi. Seol, naapa niliufungua.

"Mimi," mama akasema. "Nimezeeka, bwana. Nilichanganya miezi."

Yule kijana akampa somo robo saa nzima. Akamweleza sheria, akamweleza kibali, akamweleza majira ya mwaka, kwamba mwezi wa tatu ni wa kupanda na wa sita si wa kupanda, akimhesabia kwa vidole. Mama, ambaye alilima bangi kabla baba yake kijana huyo hajazaliwa, aliinamisha kichwa na kila baada ya sentensi akasema, "Ndiyo, bwana. Nimekosa, bwana." Kibali hakikufutwa. Ameandikiwa onyo.

Najua ni uongo, na najua ulichosema kuhusu uongo. Sikujua la kufanya nao.

Kurudi, Sang-dae aliendesha, mimi nikakaa kwenye trela kando ya mama, nimemshikilia asiyumbe, na machozi yakaanza kunitoka, nikashindwa kuyazuia. Alinitazama tukapita kona mbili.

"Sogea upande ule ukalie huko," akasema. "Sote tukiwa huku trela itapinduka."