Mlango Uliopakwa Sowens

Aberdeenshire, Januari 9, 1958

Dada Elspet mpenzi,

Hamjambo huko Kanada, wewe na watoto? Tangu shemeji afariki nakuwaza sana, peke yako na theluji hiyo. Mimi mzima, ila goti linanisumbua baridi ikizidi. Ng'ombe wawili wamezaa.

Wiki iliyopita alikuja binti wa chuo kikuu na mashine ya kurekodi. Anakusanya maneno ya zamani ya vyakula vya oti. Akaniuliza kama nalijua neno sowens. Nikacheka, nikamwambia mama alitulea kwa sowens: unaloweka makapi ya oti wiki nzima mpaka yachachuke, unachuja, maji yake unayapika yawe uji mzito. Akafurahi. Halafu akauliza kama kweli mkesha wa Krismasi vijana walipaka uji huo milango ya watu. Nikamwomba azime mashine.

Dada, unaukumbuka mlango wetu mwaka ule aliofariki mama. Kupakana ni utani, lakini nyumba yenye msiba haiguswi, kila mtu anajua. Asubuhi baba alipoukuta umepakwa juu mpaka chini, akasema ni Wattie wako, maana ndiye aliyewabebea vijana ndoo ya uji usiku ule. Akamfukuza mbele ya watu: "Toka hapa, mshenzi wewe! Binti yangu humpati!" Ulilia wiki nzima, na mwezi wa tatu ukapanda meli.

Hakuwa Wattie. Nilikuwa mimi. Wala sikuwa nimelewa, usinitetee. Nilijua anakuja kukuposa Mwaka Mpya, nikawaza kitu kimoja tu: ukiolewa, nani atatupikia na kutufulia mimi na baba? Mama hajamaliza miezi miwili kaburini, nikauchafua mlango wake. Kisha nikanyamaza miaka ishirini na tisa.

Jumapili nilimwendea Wattie nikamwambia yote. Aliendelea kushona hatamu ya farasi, mwishowe akasema, "Nilijua siku ileile, we zuzu. Ulikuwa na uji kwenye nyusi." Nikamuuliza mbona hakusema. Akajibu kwamba ulikuwa umeshampoteza mama, hakutaka umpoteze na mdogo wako.

Naye mkewe alifariki mwaka juzi. Ameniomba anwani yako. Sijampa, safari hii sikuamulii mimi. Niandikie nimpe au nisimpe, hata kama kwangu mimi huna neno tena.

Wabusu watoto kwa ajili yangu, na ujifunike vizuri.

Ni mimi mdogo wako,
Alick