Vipande vya Upande wa Kushoto wa Meza

UMOJA WA MAFUNDI CHEREHANI
Kikao cha dharura kuhusu makosa ya ukataji

Tarehe: Jumanne, tarehe 14, kiliendelea Jumatano, tarehe 15
Mahali: Chumba cha kukatia, ghorofa ya pili
Waliohudhuria: Mwenyekiti (fundi suti), Nesi (muuguzi mstaafu, sasa fundi tarizi), Mama Pacha (fundi sare), Fundi Mkasi (mkataji, mlalamikiwa), Katibu (mtia vifungo)
Asiyekuwepo: Fundi Zipu, kwa udhuru wa msiba

KUMB. NA. 1/14: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 8:10 mchana, akaomba kiwe kifupi kwa kuwa jambo lenyewe liko wazi. Mama Pacha aliuliza, kama liko wazi, wameitiwa nini. Mwenyekiti aliendelea na ajenda.

KUMB. NA. 2/14: MASHATI YA SHULE
Mwenyekiti alieleza kwamba kati ya mashati arobaini yaliyokatwa wiki iliyopita, kumi na tisa yameharibika, na vipande vyote vibovu ni vile vilivyokatiwa upande wa kushoto wa meza. Aliongeza kwamba mkataji huyumba, hujigonga mlangoni, na mara mbili ameonekana akitapika asubuhi nyuma ya jengo. "Pombe haina siri," alisema. Alipendekeza Fundi Mkasi aondolewe na nafasi apewe mdogo wake Mwenyekiti. Mama Pacha aliomba iandikwe kwamba hilo la mdogo wake halikumshangaza.

KUMB. NA. 3/14: UTETEZI
Fundi Mkasi alisema tangu azaliwe hajaonja pombe. Kila akiamka kichwa humbana kama kimefungwa kamba. Akitapika, hupata nafuu kidogo. Amebadilisha miwani mara mbili. "Miaka ishirini na sita nakata," alisema. "Siku hizi kitambaa kinanidanganya."

Nesi alimuuliza kama watu humtokea ghafla kushoto kwake. Alikubali. Mwenyekiti alikumbusha kwamba kikao si zahanati. Nesi aliomba dakika mbili, akazichukua kabla hajapewa.

Alimketisha mbele yake, akamwambia amtazame puani asihamishe macho, akanyanyua vidole pande zote mbili. Vya kulia kwake Fundi Mkasi alivihesabu sawasawa. Kuhusu vya kushoto aliuliza, "Umeshanyanyua?" Vilikuwa vinne, na vilikuwa juu muda wote. Nesi alirudia kwa jicho moja moja. Ikawa vilevile.

Nesi alieleza kwamba tatizo la jicho lingekuwa kwa jicho moja. Macho yote mawili yakikosa kuona upande uleule, mashaka yako ndani ya kichwa. Hakutaja ugonjwa. Alitaka mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Fundi Mkasi alisema ana suruali mbili za kumalizia. Mama Pacha alimvua tepu shingoni.

Kikao kiliahirishwa saa 8:50. Suala la mkataji mpya halikujadiliwa.

KUMB. NA. 4/14: TAARIFA KUTOKA HOSPITALI
Kikao kiliendelea Jumatano saa 9:00 alasiri. Walikuwepo walewale, ila badala ya Fundi Mkasi alikuja mkewe. Alieleza kwamba mumewe amepigwa picha ya kichwa, na daktari amemwonyesha uvimbe nyuma, upande wa kulia, ukubwa wa ndimu. Aliuliza mbona ni kulia ilhali haoni kushoto; akaambiwa kila upande wa ubongo huona upande wa pili. Upasuaji ni Ijumaa asubuhi. Kama ni saratani au siyo, haitajulikana mpaka kinyama kitakachokatwa kwenye uvimbe kipimwe.

Alisema maneno hayo ameyakariri njia nzima asije akayakosea. Aliyarudia mara tatu bila kuulizwa. Nesi alimshika mkono.

Alisema pia kwamba daktari aliuliza mgonjwa alianza lini kujigonga, naye hakuwa na jibu. "Nyumbani anajua kila kitu kilipo," alisema. "Nyie ndio mnashinda naye."

KUMB. NA. 5/14: MENGINEYO
Mwenyekiti aliomba kusema, lakini si kama mwenyekiti. Alisema amemwona mwenzake akijigonga bega lilelile kwa miezi mitatu, na siku moja alisogeza kiti makusudi upande huo ili watu wacheke. "Nilijua hanuki pombe, shemeji," alisema. "Nilinyamaza kwa ajili ya mdogo wangu."



Mwenyekiti alimwomba Katibu maneno hayo yasiingie kwenye kumbukumbu. Katibu alimtazama mke wa Fundi Mkasi.

"Andika," alisema mke huyo.

Yameandikwa.

Hapakuwa na aliyefunga kikao. Wajumbe walitawanyika saa 10:05 jioni.

Katibu: (saini) Jumatano, tarehe 15

Mwenyekiti: (saini) Ijumaa, tarehe 17, saa 9:40 alasiri, baada ya Nesi kupiga simu kwamba mgonjwa ametoka chumba cha upasuaji na ameomba maji. Majibu ya kinyama bado.