Mashavu ya Baba Yake Irena

Alhamisi, Durban

Na hakuna aliyenituma nimtie mashavu yale.

Studio yetu ya Umbilo imenizoesha picha za msiba. Wakongo wenzangu wa Albert Park wananiletea marehemu aliyekondeshwa na ugonjwa, mimi namnenepesha kwenye kompyuta, nafuta mpira wa oksijeni puani, wanashukuru. Irena, yule mama mzee Mzungu wa Morningside, aliponiletea picha ya baba yake nikaifanyia vilevile. Sikuuliza kitu.

Leo amekuja kuichukua, ndipo akanieleza. Ilipigwa na askari wa kambi ya kazi za kulazimishwa, enzi za Wasovieti, na baba yake alifia humo. Alitaka ikuzwe tu, aitundike kwenye maonyesho, maana wapo wanaosema kambi zile ni uongo.

Eish. Namba iliyoshonwa kifuani nilikuwa nimeifuta, niliona inaharibu koti.

"Samahani sana, mama. Nitairudisha ilivyokuwa, sasa hivi."

Alikuwa anayapapasa yale mashavu. "Sijawahi kumwona ameshiba," akasema. "Nitatundika hii."

Nilipaswa kukataa, maana picha hii itawasaidia wale wale wanaokana. Badala yake nilimfungia ile picha vizuri, nikamfungulia mlango, na moyoni nilifurahi kwamba hakukasirika. Nilifurahi!

Ile ya kweli, ndogo, yenye namba, aliisahau kwenye kaunta. Au aliiacha, sijui. Nimekuja nayo nyumbani, iko hapa mezani karibu na sahani.

Wali umepoa. Nimeshindwa kula mbele yake.