Tarehe Chini ya Muhuri

Shinyanga Mjini
4 Februari 1979

Dada yangu Salvina,

Shikamoo. Habari za tangu Noeli? Mwanao Paskazia hajambo? Na ule mguu uliokuwa ukivimba, umepoa? Sisi huku wazima, isipokuwa mtoto wetu wa mwisho anakohoa. Michembe ya viazi uliyotuma ilifika yote. Mke wangu Scolastika aliificha ili watoto wasiimalize siku moja, nao wakaimaliza siku moja.

Dada, nimebanwa. Unajua tunaishi watu sita katika chumba kimoja kwa Mama Mwanaima. Sasa mwanawe anayefanya kazi reli kule Tabora anarudi na familia, na mama anakitaka chumba chake mwisho wa Aprili. Nimezunguka mji mzima. Vyumba hakuna, watu wanapanga hadi majiko! Kilichobaki ni kile kiwanja nilichopewa mwaka juzi. Lakini kina sharti: ifikapo tarehe 30 Juni nyumba iwe imeezekwa, la sivyo anapewa mwingine. Nina msingi na tofali za udongo, basi. Saruji imekwenda vitani, na fundi wangu naye kaifuata.

Ombi langu ni chama chenu cha kulima na kuzikana. Watu ishirini kwa siku sita wanasimamisha nyumba, nimewaona kwa macho yangu. Lori la kiwanda cha pamba, ninakotunza stoo, litawafuata hadi Masumbwe, na nitawapikia mpaka wakatae chakula. Ongea na mwenyekiti, Mzee Bujiku. Asije akadhani ni maneno ya mjini, nimeambatisha karatasi yenyewe ya kiwanja, yenye muhuri. Msomee.

Mdogo wako,
Clemens


Ushirombo
20 Februari 1979

Mdogo wangu Clemens,

Marahaba. Mguu siku hizi unaniheshimu, nikiuambia twende unakwenda. Paskazia anakusalimu na anataka kujua kama Shinyanga kuna viatu vyekundu. Mpe mtoto asali na ndimu.

Barua yako nimeicheka, kisha nikasikitika. Mji mzima, una maofisa, una ramani, unakosa pa kuwalaza watu sita! Mwaka wa sabini na nne tulipohamishiwa hapa kijijini tulishushwa porini na vyungu vyetu, na kufikia Noeli nyumba arobaini zilikuwa zimesimama. Ramani hatukuwa nayo. Tulikuwa na zamu, leo kwako, kesho kwangu. Marehemu Ansgar wangu alikata miti ya nyumba saba za watu kabla ya kuigusa yetu, nikamnunia wiki nzima.

Kuhusu chama usiwe na wasiwasi, nitasema Jumapili baada ya misa. Wapo wanaonung'unika hadi leo kwamba hukuja kumzika Ansgar, shemeji yako, ukatuma sanda kwa kondakta wa basi. Siku zote nawajibu: mtu alikuwa kalazwa hospitali na malaria, mlitaka aje na kitanda? Karatasi yako nimeitia kwenye kopo la sukari bila kuifungua, maana mikono yangu ilikuwa na mafuta ya karanga.

Dada yako,
Salvina


Shinyanga Mjini
25 Machi 1979

Dada,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote, maana kimya chenu kinanitisha. Jumapili nne zimepita. Je, mmesemaje na Mzee Bujiku? Mama Mwanaima hanisemeshi, lakini kila asubuhi anapima dirisha la chumba chetu kwa ajili ya pazia la mkwewe. Jana nilimkuta Scolastika analia jikoni, akasema ni moshi, na moto ulikuwa haujawashwa. Nakusihi, niandikie hata mstari mmoja.

Mdogo wako,
Clemens


Ushirombo
8 Aprili 1979, Jumapili ya Matawi

Clemens,

Tumeamka salama. Chama kimekataa.

Nina swali moja. Siku tulipomzika Ansgar, ulikuwa umelazwa wodi gani? Na ni nani aliyekuwa anakuletea uji?

Salvina


Shinyanga Mjini
17 Aprili 1979

Dada Salvina,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Sisi tumeila kwa chai kavu, tunashukuru.

Swali lako sijalielewa. Mimi naomba nyumba, wewe unaniuliza uji! Kama ni lazima ujue, nililazwa wodi namba mbili, nilitundikiwa dripu ya kwinini siku tatu, na uji aliniletea muuguzi mmoja mwembamba kutoka Bukoba. Umeridhika? Waambie na hao majirani zako waridhike. Huyo Bujiku ana wivu tu, hajawahi kumpenda mtu wa kwetu aliyepata kazi mjini. Nilidhani undugu ni kufaana. Leo ni tarehe kumi na saba, na mwisho wa mwezi mimi na watoto tutakuwa barabarani.

Mdogo wako,
Clemens


Ushirombo
3 Mei 1979

Clemens,

Hatujambo. Karatasi yako ninakurudishia humu, sikuikunja.

Wodi namba mbili, dripu, muuguzi wa Bukoba. Hata wembamba wake umeukumbuka! Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya kwako uliipandia na maua kando.

Sikiliza ilivyokuwa. Jumapili ile Mzee Bujiku alisema, Mama Paskazia, wewe unajua kusoma, tusomee. Nikasimama mbele ya watu walewale waliomchimbia mume wangu kaburi, nina furaha, Mungu ananiona, nasoma kwa sauti kama mwalimu. Nikasoma jina lako, nikasoma namba ya kiwanja. Kisha nikasoma kwamba mwombaji amefika ofisini yeye mwenyewe na kutia sahihi mbele ya ofisa. Na chini ya muhuri, tarehe 9 Machi 1977. Mdomo ulishaitamka ndipo masikio yakasikia. Clemens, tarehe tisa Machi saa tano asubuhi walikuwa wanamshusha Ansgar, na mimi nimewapa mgongo, natazama barabarani kama basi linakuja.

Bujiku hana wivu. Bujiku alisema vijana hukosea, twendeni tukamjengee. Aliyesimama tena na kusema msiende ni mimi. Ndiyo, mimi dada yako. Miaka miwili nimekutetea kwa uongo wako, nimegombana na mawifi zangu kwa ajili yako, na wewe ulikuwa mzima umesimama kwenye foleni.

Kaburi limetitia kwa mvua za mwaka huu. Mwanamume wa kwetu ni mmoja tu, naye yuko mjini anatafuta nyumba. Usiniandikie tena.

Salvina


Shinyanga Mjini
15 Mei 1979

Dada,

Shikamoo, hata kama hutaitikia.

Sikuugua. Simu ya kifo ilinifika tarehe saba mchana. Nilikwisha aga kazini na mfuko ulikuwa begani. Nikapita ofisi ya viwanja kutazama ubao tu, nikakuta wameandika: majina yataitwa Jumatano tarehe tisa, mara moja, mwenyewe awepo. Viwanja tisini, na walioomba walipita mia sita. Nilikaa kwenye ngazi na mfuko wangu. Nikajiambia Ansgar ni mtu mwelewa. Nikajiambia Ansgar harudi, na kiwanja kikienda nacho hakirudi. Jumatano saa tano wakaita jina langu nikatia sahihi. Mkono haukutetemeka, dada. Hilo ndilo linalonitia hofu hadi leo.

Aliyekata miti ya nyumba saba za watu, mimi sikumtupia hata koleo moja la udongo. Ninaona aibu, na sina pa kuiweka.

Mama Mwanaima alitoa vitanda vyetu nje tarehe mosi, kwa adabu, lakini alivitoa. Tunaishi juu ya msingi wetu chini ya turubai la kiwanda. Nilidhani nikishapata kiwanja nimepata nyumba, kumbe nimepata nyasi zenye namba. Chama siombi tena.

Ninakuja huko. Siji kwako. Ninakuja kwa Ansgar.

Mdogo wako,
Clemens


Ushirombo
8 Juni 1979

Mdogo wangu Clemens,

Hujambo? Mtoto bado anakohoa hapo chini ya turubai?

Jumamosi nilirudi kutoka shambani nikakuta kaburi limejazwa, limezungushiwa mawe, na alama za magoti ziko kwenye udongo. Jirani yangu Melania akasema, mdogo wako alikuwa hapa tangu asubuhi, nimempa maji akakataa, kasema bado hajastahili. Mjinga wee! Unafika hadi ukutani kwangu unaondoka na njaa? Hayo nayo umejifunzia mjini? Nililia, nikakutukana, nikalia tena.

Chama hakiji. Neno nililisema mimi mbele ya watu, siwezi kulimeza kwa sababu ya mawe. Na usidhani nimekusamehe, sijakusamehe. Lakini watoto wa Scolastika hawakumdanganya mtu, na Juni imebakiza siku ishirini na mbili. Nakuja mimi. Mikono hii imejenga nyumba nne. Nimeshusha mabati ya ghala la Ansgar, na Jumatano lori lenu likija Masumbwe kuchukua pamba, dereva anipakie pamoja na mabati. Nikifika uwe umechimba shimo la udongo na maji yako karibu. Hadithi sitaki.

Dada yako,
Salvina


Shinyanga Mjini
4 Julai 1979, Jumatano, saa saba na nusu mchana

Dada yangu,

Shikamoo. Ulifika salama? Mguu haukuvimba safarini? Uliondoka Ijumaa sisi tukiwa kazini, tope la ukuta wa mwisho halijakauka, na hukuaga. Nimeelewa.

Mkaguzi alikuja Jumamosi. Akazunguka mara mbili, akagonga bati, akauliza fundi ni nani. Nikasema ni dada. Akacheka, akaandika imepita. Scolastika alipiga vigelegele mpaka mkaguzi akaangusha kalamu.

Dada, nimekaa mji huu miaka minane. Wewe umekaa wiki mbili na umewajua majirani zangu kwa majina. Ulipobeba ndoo ukaenda kupiga hodi kwa wapangaji wa Mama Mwanaima, na kwenye mapagale yote yasiyoezekwa ya mtaa wetu, ukiwaambia leo kwake kesho kwako, mimi nilijificha nyuma ya ukuta. Niliona haya, nikajua watakucheka. Wakaja kumi na tisa. Na Jumatatu walianza kwa Tarsisi, fundi cherehani, ambaye msingi wake umeota mbigili mwaka wa pili sasa. Hakuna aliyewaamrisha.

Sasa lililonifanya niandike. Tuliopita tumeitwa leo ofisi ya viwanja kutia sahihi hati. Mwenyewe awepo, mwisho saa nane. Asiyefika, anaingizwa mtu wa akiba. Na alfajiri ya leo Mama Mwanaima amefariki, ghafla, akiwa anatawadha. Mwanawe alikuwa safarini Tabora, hajafika. Wenzetu Waislamu hawakawizi maiti, anazikwa leo saa tisa, na ardhi ya huku wakati wa kiangazi ni jiwe. Wengine wako kazini; tulioshika sururu tulikuwa watano, wawili kati yetu wazee.

Nimekaa ukingoni mwa kaburi, nimempisha mwenzangu achimbe. Mikono ina udongo, utauona kwenye karatasi. Scolastika alikuja mbio kuniita niende kusaini. Akafika, akanitazama. Akakaza kanga yake kiunoni akaenda kuwachotea wanawake maji.

Kutoka hapa hadi ofisini ni mwendo wa dakika ishirini. Sasa zamu yangu imefika, naingia shimoni. Sijui kesho nyumba ile itakuwa ya nani. Leo mkono unatetemeka, dada.

Mdogo wako,
Clemens


Ushirombo
15 Julai 1979

Mdogo wangu Clemens,

Marahaba, marahaba sana. Mguu umevimba kidogo, utapoa. Mungu amrehemu Mama Mwanaima. Mwanamke yule alinipa chai siku ya kwanza kabla hajaniuliza jina.

Barua yako ina alama za vidole vyako kila ukurasa. Leo baada ya misa nimeisoma mbele ya chama, yote, nikiwa nimesimama palepale. Mzee Bujiku alinisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akasema, Mama Paskazia, tusomee na tarehe. Nikawasomea tarehe.

Wanauliza lori linapita Masumbwe siku gani. Kama nyumba mmeachiwa, watawapokea zamu hao wa mapagale. Kama mmenyang'anywa, chagua pa kuchimba msingi mwingine, nao wataanza na huo. Mimi nakuja na mwiko wangu, na safari hii nikiondoka nitaaga.

Dada yako,
Salvina